Mfuga Nyuki wa Kubuni

Ewan Pybus alikuwa na penseli moja nyekundu na jeuri ya kuwatosha wahariri watatu. Alishahariri vitabu vya bustani, vya mapishi, hata kimoja cha mbwa wa kuchunga kondoo, lakini hiki cha sasa ndicho alichokiita chake. Kilikuwa na insha kumi na nne za wanaume kumi na wanne wa Hobart na vitongoji vyake, wote wanaume wanaopenda wanaume, na kila mmoja alieleza jinsi alivyomwendea mwenzake kinyume. Kitabu kiliitwa Sivyo Tulivyokubaliana. Chini ya jina, pale juu ya jalada, Ewan aliongeza mwenyewe: Kila neno ni kweli.

Maneno hayo manne ndiyo yaliyomponza.

Hobart, kule Tasmania, ni mji mdogo. Mtu akikohoa Moonah, wa Bellerive ng'ambo ya mto anamwambia pole. Na wanaume wa aina ya Ewan ni kamji kengine kadogo ndani ya mji huo. Mtu analala na mwenzake, wanaachana, miaka miwili baadaye anaalikwa harusini kwake na anakwenda na zawadi ya sufuria. Kwa watu kama hao kubadilisha jina hakumfichi mtu. Ukiandika "Bwana K., fundi wa kufuli, anafuga njiwa," kabla hujameza mate watu wamekwisha jua ni nani na anakaa mtaa gani.

Kwa hiyo Ewan aliwaahidi waandishi wake wote: jina nitabadilisha, kazi nitabadilisha, mtaa nitabadilisha, kitakachobaki ni moyo wa jambo. Nao walimwamini, kwa sababu hakuna aliyejua kumvika mtu sura nyingine kama yeye. Alikaa mezani jikoni kila asubuhi, chai upande huu, mkate uliochomwa upande ule, na penseli ikitembea. Daktari akawa mkufunzi wa kuogelea. Mwalimu akawa dereva wa lori la magogo. Alipomaliza, hata mwenye insha alikuwa akisoma na kuuliza, "Hivi huyu ni nani?"

Na usidhani insha zote zilikuwa za kitandani. Wengi wao walikuwa na mapatano nyumbani. Mmoja: nje ruhusa, lakini si mara mbili na mtu yule yule. Mwingine: ruhusa, lakini si kwenye kitanda chetu. Mwingine: ruhusa, lakini jina lake nisilisikie. Kwa watu hao aliyevunja nyumba si yule aliyelala na mtu. Ni yule aliyebaki akanywa chai.

Kabla ya kupeleka kitabu kwa mpiga chapa Ewan alikuwa na desturi yake. Aliwaita waandishi, wenzi wao na marafiki wengine wasioandika kitu, Jumapili mchana, sebuleni kwake. Insha zote alizikunja na kuzitia kwenye bakuli kubwa la mbao. Kila mtu alitumbukiza mkono, akatoa moja, akaisoma kwa sauti. Ukitoa ya kwako unairudisha kimya kimya na uso wako usiseme kitu. Hivyo hakuna aliyejua nani kaandika nini, na insha ilipopita kwenye mdomo wa mtu mwingine, Ewan alisikia mara moja palipolegea.

Jumapili hiyo theluji ilikuwa imekaa juu ya mlima, na watu wote walikuwa wamejazana karibu na moto. Wanne walikwisha soma. Wa tano alikuwa Petros Kalafatas, mwoka mikate wa Moonah, mtu mnene wa sauti nene. Petros hakuandika insha. Alialikwa kwa sababu anasoma vizuri, na kwa sababu haji mikono mitupu.

"Nyamazeni sasa," alisema, akifungua karatasi. "Mama mwenye nyumba anasoma."

"Soma, shosti," mtu akamjibu, "lakini usilie, wanja utakuchuruzika."

Mume wa Petros, Hamish Direen, alikuwa amekaa kwenye zulia, magoti kidevuni. Hamish alikuwa mwembamba kama ufagio. Jumapili asubuhi alipiga kinanda kanisani, na siku nyingine alikuwa na mizinga yake kumi na miwili ya nyuki kule mlimani, Fern Tree.

Petros alianza. Sentensi mbili tatu za kwanza alizisoma kwa mbwembwe, watu wakacheka. Kisha akafika hapa:

"Mikono yake ilinukia moshi na nta. Kila Jumanne alinifundisha kufungua mzinga bila kuumwa. Mwezi wa kwanza tulilala pamoja. Baada ya hapo hatukulala tena, tulifungua mizinga tu, na hapo ndipo nilipojua kwamba sasa ninamwibia mwenzangu kitu cha maana. Siku za mvua alinipeleka kanisani, akanipigia kinanda mimi peke yangu, viti vyote vitupu..."

Sauti ya Petros ilishuka. Alirudi nyuma mstari mmoja, akausoma tena, safari hii bila sauti.

Hamish alikuwa wa kwanza kucheka. "Jamani, kumbe tuko wawili?"

Hakuna aliyecheka naye. Kila mtu mle ndani alikuwa anahesabu, na kila mtu alipata hesabu moja. Kusini yote ya Tasmania, mwanaume wa kwao, mfuga nyuki, mpiga kinanda: mmoja.

"Miaka kumi na tisa," Petros alisema. Hakupaza sauti. "Miaka kumi na tisa nimeomba nifungue mzinga mmoja. Mmoja tu! Unaniambia mkono wangu kama beleshi, nitawaua nyuki."

"Petros, mimi sijui hiyo karatasi inasema nini."

"Inasema unachonuka."

Ewan alisimama. Alijua anachokijua. "Petros, sikiliza. Huyo mtu hayupo. Nimembuni mimi. Mtu wa kweli ana kazi nyingine kabisa, na hafugi nyuki hata mmoja."

Petros aliinua kidole, akaonyesha ukutani. Ewan alikuwa amebandika pale picha ya jalada, kubwa, ili watu waione.

"Pale umeandika nini?"

Ewan aligeuka akalitazama jalada.

"Nisomee, mhariri. Wewe ndiye mwenye shule."

"Kila neno ni kweli," Ewan alisema.

"Basi," Petros akasema. Akaiweka karatasi juu ya kiti, akavaa koti lake, akatoka. Hamish alimfuata mbio, viatu mkononi, lakini gari lilikuwa limekwisha ondoka.

*

Kufikia Jumatatu jioni Hamish alikuwa analala kwenye kochi la dada yake. Kufikia Jumanne waandishi watatu walikuwa wamempigia Ewan simu, mmoja baada ya mwingine, wote na neno lile lile.

"Toa yangu," alisema wa tatu. "Kama umeweza kumsukumia Hamish dhambi ya mtu, mimi je? Kesho utanivika nini, nitambulike na mama mkwe?"

"Hamish hakufanya kitu."

"Najua hakufanya. Hilo ndilo linalonitisha."

Kitabu kilitakiwa kwa mpiga chapa Ijumaa. Lakini usiku Ewan hakukiwaza kitabu. Alimwaza Hamish na viatu vyake mkononi. Nyumba ya miaka kumi na tisa ilikuwa imevunjika kwa sababu ya penseli yake, na alikuwa na siku tatu za kuisimamisha kabla maneno hayajakauka na kuwa ukweli wa mji mzima.

Jumatano asubuhi alikaa mezani kama kawaida. Alichoma mkate, akavuta chupa ya asali, akapaka. Kisha mkono wake ukasimama. Kwenye chupa kulikuwa na karatasi ya rangi ya kahawia: Asali ya Direen, na chini yake mchoro mdogo wa nyuki akiruka juu ya paa la kanisa.

Chupa hiyo ilikaa mbele ya macho yake mwezi mzima. Alipokuwa anamtafutia mtu wa insha ile, ambaye kwa kweli ni fundi wa kufuli, kazi nyingine, akidhani anaitoa kichwani mwake, alikuwa anaisoma kwenye chupa.

Alicheka. Halafu hakucheka tena, akatafuta funguo za gari.

*

Insha ile ilikuwa ya Rollo Lidgett, mstaafu wa miaka sitini na tatu, zamani fundi wa mitambo ya vivuko. Alikuwepo siku ile ya kusoma, kando ya dirisha, na uso wake haukusema kitu, kama desturi ilivyotaka. Ewan alimkuta kwake Bellerive, anasugua mashua yake iliyopinduliwa uani.

"Nilijua utakuja," Rollo alisema bila kugeuka. "Hebu niambie kwanza. Mtu wangu umemfanya mpiga kinanda? Yule? Hata wimbo wa siku ya kuzaliwa anauanzia katikati."

"Nilitaka asijulikane."

"Hajulikani! Mimi mwenyewe nilimsikiliza nikasema, masikini, huyu bwana anaonekana mwema, laiti ningempata yeye."

"Rollo, Hamish yuko kwenye kochi la dada yake."

Rollo aliacha kusugua. "Nimesikia."

"Nipe ruhusa nimwonyeshe Petros mswada wako wa kwanza. Wenye mwandiko wako. Ataona kufuli, ataona njiwa, yatakwisha."

Rollo aliingia jikoni, akatoka na vikombe viwili vya chai na pai za kome zilizobaki jana. Alikula nusu ya pai kabla hajasema neno.

"Siri yangu chukua," alisema. "Mwenzangu Bevan ameisoma yote. Aliisoma pale mezani, akatupa birika, akaokota vipande, akaniambia nipike. Sisi tumemaliza. Lakini yule fundi hajamwambia mwenzake mpaka leo. Ukimwonyesha Petros kufuli na njiwa, Petros atamjua kabla hajafika chini ya ukurasa. Yule ndiye aliyemtilia kufuli ya duka lake. Siri ya yule si yangu kukupa."

"Hamish hana kosa."

"Na mwenzake yule fundi ana kosa gani? Umwokoe mmoja umzamishe mwingine?" Rollo alimtazama usoni. "Uliniahidi, Ewan."

"Nilikuahidi."

"Basi kaa kwenye ahadi yako. Wewe si ndiye mwenye akili? Tafuta njia nyingine."

Mtu mwingine angerudi nyumbani amenyong'onyea. Ewan alivuka daraja la mto huku anapiga mluzi, maana neno moja lilikuwa limemnasa. Bevan alitupa birika baada ya kusoma yote. Alihitaji kurasa kumi na moja kuamini. Katika insha zote kumi na nne, ambazo Ewan alizijua kwa moyo, waliofanyiwa ubaya walichelewa kuamini. Mmoja aliona viatu vya mtu chini ya kitanda, akasema labda ni vya fundi bomba. Mwingine alikataa wiki mbili. Mtu anayempenda mwenzake hutafuta sababu ya kutoamini, na huipata hata mahali haipo.

Petros aliamini kwa mistari mitatu.

"Hapana," Ewan alijiambia. "Hilo limelegea."

*

Duka la mikate la Petros hufungwa saa nane mchana. Ewan aligonga kioo saa nane na robo. Petros alikuwa nyuma, anakwangua unga mkavu kwenye meza, macho mekundu.

"Tumefunga."

"Sikuja kununua."

"Basi tumefunga zaidi."

"Petros, nipe nusu saa. Baada ya hapo ukitaka kunipiga na hicho kikwangulio, piga."

Petros alikitazama kikwangulio kana kwamba anapima. "Sema."

Ewan alivuta kigoda, akaketi, akatoa karatasi tupu na penseli. "Siwezi kukuonyesha mswada wa insha ile. Nimeahidi. Ila naweza kukuonyesha ninavyomficha mtu. Nipe siri. Nitaiandika kama unavyoisema, kisha nitaibadilisha hapa hapa, unaniangalia. Ukishaona, utajiamulia mwenyewe kama Hamish alikuwemo mle."

"Mimi sina siri."

"Haya, tunga ya uongo. Lakini nitajua. Hii ndiyo kazi yangu."

Petros aliendelea kukwangua. Alikwangua pale pale palipokwisha kuwa safi.

"Sisi tuna mapatano," alisema mwishowe. "Mimi na Hamish."

"Yapi?"

"Nje ruhusa. Mara moja tu na mtu, si mara mbili. Na humu dukani asiingie mtu."

Ewan aliandika.

"Palikuwa na bwana mmoja. Daktari wa meno. Miaka miwili iliyopita, wakati wa baridi kama sasa. Alikuja mara moja, ikaisha. Kisha akarudi, akasema, nifundishe kukanda. Nikacheka. Jumapili iliyofuata, Hamish yuko kanisani, nikamfungulia mlango ule." Alionyesha kwa kidevu. "Jumapili kumi na mbili. Nilimfundisha mkate wa Pasaka wa mama, ule wa kusuka. Mama hakumfundisha hata dada yangu."

"Mlilala pamoja?"

"Tangu aanze kuja hapa? Hapana. Hata koti hakuvua, humu kuna baridi. Angevua ingekuwa nafuu." Petros aliweka kikwangulio chini. "Angevua, ningejua nimefanya nini. Nilikuwa najiambia sijafanya kitu. Mtu anakanda unga, kosa liko wapi? Kisha nikiingia nyumbani namkuta Hamish kanichemshia supu, siwezi kuinywa."

"Iliishaje?"

"Alihamia Adelaide. Nililia hapo ulipokaa."

Ewan alimaliza mstari. Hakumpa pole. Alikuwa na kazi. Alimgeuzia Petros karatasi, akaanza kukata.

"Mwoka mikate hawezi kubaki. Tuseme ni fundi saa." Penseli ilipita. "Daktari wa meno, aondoke. Tuseme ni fundi wa rangi. Fundi saa hakumfundisha mkate, alimfundisha kutengeneza saa ya babu yake. Si Jumapili, ni Alhamisi. Na si Moonah. Tuseme Huonville, kwenye mashamba ya matofaa."

Alifanya upesi, kama mtu anayemenya viazi. Petros alikuwa ameegemea meza, anafuata penseli kwa macho. Kisha macho yake yakaiacha penseli, yakapanda ukutani, pale saa ya duka ilipokuwa inagonga. Yakashuka mlangoni: kopo la rangi nyeupe, brashi juu yake. Yakaenda dirishani: kreti ya matofaa, imeandikwa Huonville kwa herufi nyekundu. Na Alhamisi? Kwenye kalenda Alhamisi ilizungushiwa duara, siku ya kuletewa unga.

"Wewe mwizi," Petros alisema polepole.

"Mimi?"

"Unaiba chumbani! Saa ile pale. Rangi ile pale. Hata matofaa yangu! Nilidhani unafikiri, kumbe unachungulia."

"Na mimi nilidhani nafikiri," Ewan alisema. "Miaka ishirini nimejisifu kwa hilo. Sasa niambie, Petros. Mezani kwangu, pale ninapofanyia kazi, kuna nini?"

Petros alifungua mdomo. Alikuwa anaijua meza ile. Mwezi uliopita alifika pale na kikapu: mikate miwili, siagi, na chupa moja ya asali ya mumewe, akaiweka kwa mkono wake mwenyewe.

Alikaa chini juu ya gunia la unga, na unga mweupe ukatimka pande zote.

"Niliileta mimi," alisema.

"Uliileta wewe."

"Kwa hiyo Hamish hakufanya."

"Hakufanya."

"Ni mimi niliyefanya." Alijifuta uso, ukazidi kuwa mweupe. "Niliposoma ile karatasi, ndugu yangu, sikushangaa hata kidogo. Nilisema, ndiyo, hivi ndivyo inavyokuwa, hasa ndivyo. Nilikuwa najua kila neno. Nikadhani namjua Hamish."

Ewan alifunga penseli ndani ya kitambaa. "Mimi nami nina langu. Nyuki wanatoka, kinanda kinatoka, na wote niliowavika nguo za watu nitawavua. Palipo na kazi ya mtu nitaacha pengo. Afadhali msomaji aone shimo kuliko amwone jirani. Na lile neno la jalada nalifuta. Nitaandika: Majina na kazi vimefichwa, makosa ni yale yale."

"Hilo zuri," Petros alisema. Kisha: "Nipe hiyo karatasi."

"Ipi? Yenye saa?"

"Hapana. Geuza. Irudishe ilivyokuwa, kabla hujaiba."

Ewan aliinakili upya, neno kwa neno, kama ilivyotoka mdomoni mwa mtu. Ilipokuwa tayari Petros alikwisha mpigia Hamish simu.

*

Hamish aliingia baada ya dakika ishirini, koti lake limejaa manyoya ya mbwa. Alisimama mlangoni, hakukaa.

"Siku tatu," alisema. "Siku tatu mbwa wa dada yangu ananikoromea sikioni, na bado sijaambiwa nimefanya nini."

"Hukufanya kitu," Petros alisema.

"Najua! Nilikuwa nauliza wewe utajua lini."

Ewan alinyanyuka aondoke.

"Wewe kaa hapo, mwizi wa asali," Hamish alimwambia. "Rollo amenipigia simu. Jina la mtu hakunipa, lakini ameniambia insha ni yake na mimi simo. Wewe ulichofanya nitakusema siku yako ikifika. Leo namsikiliza huyu."

Petros alisimama katikati ya duka lake na kuanza kusoma. Mtu mwenye sauti ile nene, iliyojaza sebule za watu, sasa alikuwa anasoma kama mtoto wa darasa la pili, neno, neno, neno. Alipofika kwa daktari wa meno Hamish aliinua mkono.

"Daktari yupi? Yule wa barabara kuu?"

"Ndiye."

"Aliyening'oa gego?"

"Ndiye."

"Nilimshukuru!" Hamish alisema. "Nilimpelekea kadi!"

Ewan alitazama dari. Petros aliendelea. Alisoma Jumapili kumi na mbili, na mlango wa nyuma, na supu. Aliposoma mkate wa Pasaka, Hamish hakuinua mkono. Alikaa kwenye kigoda alichokiacha Ewan, akaziangalia kucha zake.

"Mkate wa mama," Hamish alisema, Petros alipomaliza kusoma.

"Ndiyo."

"Mwaka wa kwanza nilikuomba. Uliniambia mikono yangu baridi, hautaumuka."

"Nilikuambia."

"Daktari wa meno mikono yake ina moto?"

Petros aliikunja karatasi. Akasema tu, "Nilikuwa nakuficha pale pale ambapo ungeniona nilivyo. Sijui kusema vizuri zaidi ya hivyo."

Nje lori lilipita, vioo vikatetemeka.

"Leo nalala kwa dada," Hamish alisema. "Na kesho. Na Ijumaa pia, usinibembeleze. Jumapili nikitoka kanisani nakuja hapa na nguo za kazi. Utanifundisha, na unionyeshe kila kitu ulichomwonyesha yule, hata kidogo usiruke. Nikishajua nimeibiwa kiasi gani, ndipo nitajua kama narudi."

"Nitawasha tanuri mapema," Petros alisema.

"Na wewe." Hamish alimgeukia Ewan. "Hiyo karatasi iingie kitabuni. Bila saa, bila rangi, bila kufichwa. Watu ishirini walikaa wakaniona nikishtakiwa. Na wao wasome aliyestahili kushtakiwa ni nani."

Ewan alimtazama Petros. Hilo halikuwa lake kuamua, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kitabu hicho aliweka mikono mifukoni akasubiri.

Petros alisugua unga kwenye kiganja. "Na jina langu," alisema. "Kalafatas, lote. Ila pale niliposema angevua koti ingekuwa nafuu, pakate. Pananiaibisha."

Ewan alikwisha itoa penseli.

"Usiguse," Hamish alisema. "Hapo ndipo nilipomwelewa."